Taka za soko zimewashinda? Anzeni na dalili mnayoiona

Malalamiko yanayofika kwenye vikao vya kamati za masoko ya Dar es Salaam hufanana mwaka hadi mwaka. Ghuba, yaani kituo cha kukusanyia taka za soko, limefurika. Harufu inafukuza wateja wa jioni. Mtaro umerudisha maji hadi chini ya meza za mama wa mboga. Mzoaji hajaonekana tangu Jumatatu. Na karibu kila kikao hufikia azimio moja: tuombe lori la pili.

Lori la pili huhitajika mara chache kuliko tunavyodhani. Sehemu kubwa ya taka za soko la chakula ni majani, maganda na matunda yaliyoharibika, yaani maji. Kabichi na tikiti ni maji kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Mkizichanganya na plastiki, mchanga na uchafu wa nyumba za jirani mnapata mzigo mzito unaooza haraka, na hakuna anayeutaka. Zikitengwa pale zinapoanguka, nusu ya ugomvi haufiki ghubani. Ndiyo maana katika mwongozo huu lori linakuja chini kwenye orodha ya sababu. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea zaidi na inayopimika bila gharama.

Kabla ya yote, fanyeni hesabu ya siku saba. Mnahitaji daftari, kalamu na kijana mmoja mwaminifu kwenye lango la ghuba. Kila toroli au guta likiingia aandike saa, upande wa soko lilikotoka, na limebeba nini zaidi. Siku ya gulio, Ijumaa na Jumapili msizikose, kwa sababu hazifanani na siku nyingine. Bila daftari hili, kila mtu kikaoni atakuwa anasema anachokikumbuka kwa hasira.

Dalili: Ghuba linafurika kabla lori halijafika

Angalieni kwanza kama taka ni zenu. Ghuba la soko lililo wazi usiku ni dampo la bure kwa mtaa mzima, na vijana wa maguta wanalijua. Pigeni alama ya rangi ukutani soko linapofungwa, kisha rudini saa 9 usiku kabla Fuso za kwanza hazijaingia. Taka zikiwa zimepanda juu ya alama, mmepata jibu. Angalieni pia kilicho juu ya rundo: nepi za watoto, majivu ya mkaa, nguo kuukuu na mabaki ya magodoro hayatoki kwenye meza ya nyanya.

Geti, kufuli na mlinzi vitasaidia, lakini msiishie hapo. Mkiwafukuza majirani bila kuwaonyesha pa kupeleka, watamwaga kwenye mtaro nyuma ya soko usiku huohuo. Mkaeni na mwenyekiti wa serikali ya mtaa mpange saa za kupokea taka za nyumbani kwa ada ndogo yenye risiti, au mzoaji apite kwao moja kwa moja. Masoko yanayofanya mazungumzo haya mapema hupumua.

Taka zikiwa zenu kweli, tazameni saa. Soko la jumla hutoa taka nyingi kati ya saa 12 na saa 4 asubuhi, mzigo unapochambuliwa, kisha tena baada ya saa 11 jioni wachuuzi wanapofunga. Lori likija saa 2 asubuhi linabeba za jana na kuziacha za leo zikianza kuanguka nyuma yake. Linganisheni saa za daftari na saa za lori. Kusogeza ratiba hadi saa 5 asubuhi, au kuigawa mara mbili kwa lori lilelile, mara nyingi hutosha. Ila ulizeni kwanza dampo la Pugu Kinyamwezi linapokea magari hadi saa ngapi na foleni ya kule ikoje siku za mvua. Lori likilala njiani na mzigo, kesho litawafikia likiwa bado limejaa.

Sababu ya tatu ni taka zinazoletwa na mzigo wenyewe, na hapa naomba kamati ikae kidogo. Simameni asubuhi moja Fuso ya kabichi inaposhushwa. Kila kabichi imeachiwa majani mawili matatu ya nje ili isichubuke njiani. Mpokeaji anaishika, anayang'oa kwa kiganja, yanaanguka miguuni, wabeba mizigo wanayakanyaga, na ndani ya saa moja ni tope la kijani. Kwenye soko la Mabibo, ndizi zinashuka na vikonyo vya mikungu na majani makavu ya migomba yaliyotandikwa ili zisigongane. Matenga ya nyanya na maembe yana nyasi ndani. Hayo yote yalipanda gari shambani na yamelipiwa nauli, na soko linalipa tena kuyatoa.

Wekeni tenga tupu au turubai pale gari linaposhushia, majani yaangukie humo kabla hayajagusa ardhi. Majani safi ya kabichi na maganda ya ndizi yana wateja: wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, mbuzi na nguruwe wa pembezoni mwa jiji huyafuata wenyewe wakihakikishiwa kuwa hayana uchafu. Wapangieni saa na mlango. Nyasi na majani makavu yawekwe kando, yatahitajika kwenye mboji. Matenga yarudi na gari.

*Tahadhari:* lishe yenye vipande vya mifuko isimfikie mfugaji. Plastiki hubaki tumboni mwa ng'ombe na inaweza kumuua. Mahindi na karanga zilizoota ukungu nazo zisitolewe kwa mifugo kabisa, kwa sababu sumukuvu hupita kwenye maziwa na kuwarudia watoto wetu.

Mkishapita hayo, ndipo mpime ukubwa wa kontena. Soko linalotoa matoroli 60 kwa siku, kila moja likibeba robo ya mita ya ujazo, linatoa mita za ujazo 15. Kontena la mita za ujazo 7 litajaa mara mbili na taka zitabaki. Likichukuliwa mara moja tu kwa siku, hakuna fagio litakalowaokoa. Hesabu ya namna hii ndiyo ya kupeleka manispaa. Barua yenye namba hizi hupata jibu haraka kuliko barua yenye malalamiko.

Mwisho kabisa ndipo kuna lori bovu na barabara ya dampo iliyoharibika kwa masika. Hivi hutokea, na dawa yake iko kwenye mkataba: mzoaji ataje gari mbadala, na atakayelipia siku zilizorukwa aandikwe. Kumbukeni pia misimu. Maembe na mananasi ya mwisho wa mwaka, na matikiti ya Ramadhani, huongeza mzigo ghafla. Ombeni safari za ziada mwezi mmoja kabla.

*Simameni hapa:* rundo likipita kimo cha mtu na limelowa, msiwatume vijana walichimbe kutoka chini. Taka zilizolowa huporomoka bila kutoa ishara. Agosti 10, 2024, dampo la Kiteezi mjini Kampala liliporomoka baada ya mvua kubwa na kuua watu zaidi ya 30. Rundo la soko ni dogo kuliko lile, lakini mtu mmoja aliyeinama na koleo linaweza kumfunika. Zungushieni kamba, ondoeni watoto na waokota chupa, ombeni kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kutoka manispaa kianzie juu.

Dalili: Lori limeondoka, harufu imebaki

Tatizo liko chini ya taka. Mchuzi wa taka umejipenyeza kwenye nyufa za sakafu na kwenye kona zilizooza kutu za kontena. Osheni kipande kimoja cha sakafu, upana wa mlango, kwa maji, sabuni na brashi ngumu. Kikikauka bila harufu, mmejua kazi ya wiki: kuosha sakafu nzima, kuziba nyufa kwa saruji, na kuipa mwinamo maji yaelekee sehemu moja yenye wavu. Klorini ifuate baada ya kusugua. Mkiimwaga juu ya uchafu inaisha nguvu papo hapo na fedha imepotea. Na kamwe isichanganywe na dawa za vyoo zenye asidi, kwa sababu hutoa gesi ya sumu.

Sababu inayofuata ni kuku na samaki. Ndoo moja ya matumbo inanuka kuliko toroli zima la mchicha. Wachinjaji kuku na wauza samaki wawe na mapipa yao yenye mifuniko, na yaondoke kila siku bila kujali kontena limejaa au bado. Hili halina mjadala kwenye joto la Dar es Salaam.

Sakafu ikiwa safi na mapipa yamefungwa, nendeni upande wa choo cha soko asubuhi na mapema, kabla moshi wa mama ntilie haujatanda. Mara nyingi harufu inayosingiziwa ghuba inatoka kwenye chemba iliyojaa.

*Simameni hapa:* mtu asiingie kwenye chemba au shimo la majitaka, hata kwa dakika moja kuokota kitu. Gesi iliyomo huangusha mtu ghafla, na anayeruka kumwokoa huanguka juu yake. Iteni gari la majitaka. Mtu akiwa tayari ameanguka ndani, pigeni 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na mzuieni yeyote anayetaka kumfuata.

Dalili: Nzi wameongezeka, funza wanaonekana

Kwenye joto letu yai la nzi huwa nzi kamili kwa muda wa wiki moja hadi siku 10. Kwa hiyo mkiona funza, kuna kona ambayo haijaguswa kwa siku kadhaa, hata kama lori linakuja kila siku. Fukueni kwa reki nyuma ya kontena, chini ya mbao za meza na kwenye mashimo ya ukuta. Ikipatikana, ikwanguliwe hadi sakafuni na irudiwe mara mbili kwa wiki.

Kamati nyingi huanza na kupuliza dawa. Dawa inaua nzi wanaoruka na kuwaacha funza waliozama, tena inatua kwenye nyanya za watu. Ikibidi kupuliza, iwe kwa usimamizi wa afisa afya na soko likiwa limefungwa.

Wafanyabiashara wawili watatu wakianza kuharisha maji mengi kwa ghafla, acheni mengine yote. Mjulisheni afisa afya wa kata siku hiyohiyo, simamisheni uuzaji wa matunda yaliyokatwa, na wagonjwa wafikishwe kituo cha afya wakiendelea kunyweshwa maji ya chumvi-sukari ya paketi (ORS). Kipindupindu hakisubiri kikao.

Dalili: Mvua ya nusu saa, soko limejaa maji

Kabla ya kuchimba chochote, tazameni maji yanapoanzia kurudi. Yakianza kupanda mwisho wa mtaro, pale unapotoka nje ya soko, kizuizi kiko nje. Yakipanda katikati huku mwisho ukiwa mkavu, kizuizi ni chenu. Mtu mmoja mwenye mwavuli anaweza kuwaokolea siku nzima ya kufukua mahali pasipo na kosa.

Kizuizi cha ndani kwa kawaida ni tabaka mbili. Juu kuna vifungashio vyepesi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Juni 1, 2019, lakini vile vifuko laini vya kufungia mboga zilizokatwa bado vinajaa mitaroni. Chini yake kuna mchanga. Viazi, mihogo na karoti huja na udongo wa shambani, unaogeshwa kwa maji pembeni ya meza, na huteremka kidogo kidogo hadi mtaro unabaki nusu ya kina chake. Watu huondoa plastiki, maji yanapita siku mbili, wanadhani wamemaliza.

Wekeni wavu wa nondo kila mtaro mdogo unapoingia kwenye mkubwa, nafasi ya vidole viwili, na mtu wa kuusafisha kila jioni. Wauza viazi wapewe sehemu moja ya kuoshea yenye kishimo cha kudaka mchanga. Mifuniko iliyoibwa irudishwe kwa zege, maana ile ya chuma haikai.

Kuna jambo linaloniuma kila ninapoliona. Vijana wanashinda wamesimama kwenye mtaro, wanatoa tope jeusi, wanalirundika ukingoni, kazi inasifiwa, na rundo linaachwa. Mvua inayofuata inalirudisha lote ndani. Tope likitoka, likauke siku moja juu ya turubai kisha liondoke. Kama hakuna gari la kulibeba wiki hiyo, ahirisheni kuchimba. Na lililoshuka na maji halijapotea: mitaro ya Buguruni na Ilala huelekea Bonde la Msimbazi, ya Tandale huelekea Mto Ng'ombe, na kule kuna watu wanaolala wakisikiliza maji.

*Simameni hapa:* kizuizi kikiwa nje ya soko, kwenye mtaro wa barabara, ni kazi ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, au manispaa. Msivunje zege la watu. Kuta za mtaro zikiwa zimepasuka, mtu asishuke. Na maji yakifikia nyaya, soketi au majokofu, kila mtu atoke majini na TANESCO wapigiwe wakate umeme kwanza.

Dalili: Ada hailipwi, mzoaji amesusa

Wengi husema wafanyabiashara ni wakaidi. Waulizeni wachache kutoka pande tofauti za soko na mtasikia jambo lilelile: tunalipa ushuru, tunalipa tena taka, na taka hatuoni zikiondoka. Hawajui ushuru unalipia nini na ada inalipia nini. Anzeni hapo. Ubao mmoja langoni uandikwe kila Jumatatu: safari zilizofanyika wiki iliyopita, zilizorukwa, fedha iliyokusanywa, iliyolipwa. Chaki na ubao wa futi nne vinatosha.

Sababu ya pili ni kiwango kimoja kwa wote. Mama mwenye beseni la mchicha hawezi kutozwa sawa na mwenye vizimba vitatu vya mananasi. Daftari la siku saba litawaonyesha nani anatoa nini. Wekeni madaraja matatu, si kumi, na muwashirikishe wauza matunda mapema kwa sababu wao ndio watakaopandishiwa ada. Mwenye kutenga majani safi kwa ajili ya wafugaji apunguziwe. Hapo ndipo kutenga kunapoanza kuonekana kuwa na faida, na hakuna semina itakayofanya kazi hiyo kwa niaba yenu.

Tatu, mkusanyaji asiye na risiti. Fedha yoyote inayotolewa mkononi bila karatasi itazaa maneno hata kama imefika salama. Ada ilipwe kwa mashine au kwa namba ya malipo ya serikali, na anayekusanya avae kitambulisho.

Kama wafanyabiashara wanalipa na mzoaji bado hatokei, someni mkataba. Mzoaji anayelipwa kwa safari anaweza kuondoka na lori nusu. Anayelipwa kiwango cha mwezi hapotezi kitu akiruka siku. Njia iliyo nyepesi ni hati ya safari: namba ya gari, saa, kiasi cha kujaa, saini ya mzoaji na ya mjumbe wa kamati. Bila saini mbili hakuna malipo. Na kama halmashauri ndiyo iliyochelewesha malipo ya mzoaji, msimgombeze dereva. Yeye naye hajalipwa. Pelekeni hati hizo kwa afisa mazingira, mkimkumbusha kwa heshima kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziweka taka ngumu mikononi mwa mamlaka za serikali za mitaa.

*Simameni hapa:* mkigundua fedha imepotea, msimkamate mtu sokoni. Kusanyeni risiti na hati, mzifikishe kwa mkurugenzi wa manispaa kwa barua.

Dalili: Mboji inanuka, au haipati joto

Hii ni kwa masoko yaliyokwisha anza, au yanayotaka kufuata njia ya Kinondoni, ambayo ina mtambo wa mboji Mabwepande. Rundo likinuka kama mayai yaliyooza, lina maji mengi na halipati hewa: ligeuzeni, changanyeni zile nyasi za matenga au maranda ya mbao. Likichoma pua, majani mabichi yamezidi, dawa ni ileile. Lisipopata joto, huenda ni dogo kuliko mita moja kila upande, au limekauka. Shikeni konzi moja na kuikamua. Matone machache yakitoka ni sawa, yakichuruzika limelowa mno, likimomonyoka ongezeni maji. Chomekeni nondo katikati kwa dakika 10. Isiposhikika kwa joto, mboji inafanya kazi. Vipande vya plastiki na vioo vikiingia mwanzoni, hakuna mkulima atakayeinunua mwishoni.

Dalili: Moshi unatoka ghubani

Karibu kila mara ni majivu ya moto ya mama ntilie au wachoma mahindi. Wapeni pipa la chuma lenye mchanga. Moshi mdogo unaoonekana ulikoanzia, tenganisheni taka na kumwagia maji. Moshi unaotoka ndani ya rundo msiufukue, hewa itauwasha. Pigeni 114 na ondoeni mitungi ya gesi iliyo karibu.

Dalili: Sindano, dawa au chupa za kemikali kwenye taka

Chanzo huwa duka la dawa au maabara ndogo iliyopanga kwenye fremu za soko, mara chache duka la pembejeo. Msizisogeze kwa fagio wala mkono. Funikeni eneo kwa tenga lililogeuzwa, mwekeni mtu wa kulinda, mwiteni afisa afya achukue kwa vifaa vyake na amfuatilie mwenye fremu. Wazoaji wavae gambuti na glovu nene kila siku. Taka za aina hii hazibishi hodi.

Aliyechomwa na sindano aoshe kidonda mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni, asikikamue wala kukinyonya, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Nauli ya kumfikisha kituoni itoke mfuko wa soko, palepale, bila kusubiri saini ya mtu.